“Niliambiwa wanawake wa Kiafrika wana nguvu, nikarudi nyumbani na kifafa cha mimba”

BARUA

Shikamoo Bibi Mkunga,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie Houston, Marekani, pamoja na mume wangu. Nina shahada ya uhasibu, ofisi yangu inalipa vizuri, na bima yangu ya afya ni ya aina ambayo wenzangu wengi wanaitamani. Siyasemi haya kwa kujisifu; nayasema kwa sababu yanahusika na ninachotaka kukuuliza.

Miaka mitatu iliyopita nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, kwa upasuaji. Mimba yenyewe haikunisumbua, na siku ya tatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya tano kichwa kilianza kuniuma kwa namna ambayo sikupata kuijua maishani, uso na miguu vikavimba, na nikawa naona vimulimuli hata nikifumba macho. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa kwamba huo ni uchovu wa mzazi, ninywe maji mengi na vidonge vya maumivu. Jioni mume wangu alinipeleka idara ya dharura ya hospitali ileile niliyojifungulia. Walinipima presha mara moja pale mapokezi, wakaiandika, na hakuna aliyerudi kuizungumzia. Nilikaa kitini karibu saa nne. Katika saa hizo nne niliulizwa kama natumia dawa za kulevya, nikaulizwa pia kama matibabu yangu yanalipiwa na serikali, lakini sikuulizwa hata mara moja kama nimejifungua karibuni. Nilisema mwenyewe, na sidhani kama nilisikika.

Nesi aliyenihudumia mwishowe alikuwa mwanamke mweusi kama mimi, mzaliwa wa Afrika Magharibi. Aliniambia kwa upole, “Dada yangu, wanawake wetu wa Kiafrika wana nguvu. Nenda kalale na mtoto.” Nikaenda. Usiku uliofuata nilianguka bafuni, mwili mzima ukitetemeka, na presha ilipopimwa na watu wa gari la wagonjwa ilikuwa 192 kwa 120. Nililazwa siku tano katika chumba cha wagonjwa mahututi, na siku hizo zote sina kumbukumbu nazo. Mwanangu alinyonyeshwa kwa chupa na jirani.

Nilipopona, mwenzangu wa kazini, Mzungu, aliyejifungua hospitali hiyohiyo mwezi uleule, aliniambia kwamba yeye pia alirudi akiwa na maumivu ya kichwa, akapimwa, akalazwa na kupewa dawa ndani ya saa moja. Tangu siku hiyo sina raha.

Mume wangu ni dereva wa lori, mtu mwema, lakini hataki kusikia neno ubaguzi. Anasema hayo ni mambo ya Wamarekani Weusi na historia yao. Sisi tulikuja kutafuta riziki, na nikijitia katika ugomvi wa rangi wa watu nitaugua moyo bure. Tena anaongeza kwamba daktari mwenyewe alisema presha ni asili ya watu weusi, kwa hiyo mwenye kosa hayupo.

Sasa nina mimba ya wiki 13, na kila usiku naliona lile bafu. Je, lililonipata ni rangi yangu au ni bahati mbaya tu? Ni kweli kwamba liko katika damu yetu? Na kama ni ubaguzi, mbona aliyenirudisha nyumbani ni mweusi mwenzangu? Nimefikiria kurudi Tanga nikajifungulie kwa mama, na nimefikiria pia kutafuta daktari mweusi hapa hapa. Nisaidie pia namna ya kusema, kwa maana huku mwanamke mweusi akipaza sauti kidogo huitwa mkorofi, na akinyamaza huonekana hana linalomuuma.

Wako,
Mama Binti, Houston

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijagusa habari ya rangi nataka tushughulikie tumbo ulilonalo, kwa maana wiki hazisubiri. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba yumo katika hatari ya kukipata tena, na ziko hatua zinazopunguza hatari hiyo. Mojawapo ni aspirini ya kiwango kidogo, huko kwenu miligramu 81 kwa siku, ambayo wataalamu wa Marekani wanapendekeza ianzwe baada ya wiki 12, na vizuri zaidi kabla ya wiki 16 kutimia. Wewe uko wiki ya 13. Usiinunue ukaanza mwenyewe, lakini piga simu kliniki wiki hii, useme kwamba ulipata kifafa baada ya kujifungua, na uulize kwa nini hujaandikiwa, au kama upo mpango wa kukuandikia. Omba pia upelekwe kwa bingwa wa mimba zenye hatari, na ununue kipimo cha presha cha mkononi cha kutumia nyumbani. Hayo yakiwa mbioni, ndipo tuzungumze mengine.

Unauliza kama ni rangi au bahati mbaya. Kwa tukio moja, mimi niliye mbali siwezi kukuapia ni nini kilichopita moyoni mwa kila aliyekuhudumia jioni ile. Ninachoweza ni kukuonyesha foleni ndefu ya wanawake uliosimama nyuma yao. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000 kutokana na uzazi, wakati kwa wanawake wa Kizungu idadi ilikuwa 26.6. Janga la korona lilipotulia vifo vilishuka, lakini hebu angalia vilivyoshuka: mwaka 2023 vilikuwa 14.5 kwa Wazungu na 50.3 kwa weusi. Kwa uwiano pengo lilizidi kupanuka, kwa sababu upande mmoja ulipona haraka kuliko mwingine. Nakuomba uzisome tarakimu hizo kwa utulivu, maana 50.3 kwa 100,000 ni takriban mama mmoja katika vizazi 2,000, na wengi mno wanajifungua salama. Lakini kamati zinazochunguza vifo hivyo kimoja kimoja, zikipitia faili za mwaka 2017 hadi 2019, zilikuta kwamba zaidi ya vinne katika kila vitano vingeweza kuzuilika. Kifo kinachozuilika ambacho humfikia mmoja mara tatu kuliko mwenzake hakiitwi bahati.

Umefanya vizuri kutaja shahada na bima yako. Watu wengi wenye nia njema hudhani kwamba jambo hili ni umaskini uliovaa ngozi nyeusi, kwamba mtu akisoma na kupata kazi atatoka humo. Umaskini unaua, sibishi. Hata hivyo, uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye shahada, uwezekano wa mweusi kufa kutokana na uzazi ulikuwa mara 5.2 ya ule wa Mzungu mwenye shahada kama yeye. Na mweusi huyo mwenye shahada alikuwa hatarini kuliko Mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Tena mmoja wa watafiti wa kituo hicho, Shalon Irving, mwanamke mweusi aliyebobea katika masuala haya haya ya afya na kutokuwepo kwa usawa, alifariki Januari 2017 akiwa na miaka 36, wiki tatu tu baada ya kujifungua binti yake, kutokana na matatizo ya presha. Alikuwa amerudi kwa wahudumu zaidi ya mara moja akilalamika. Mwaka huohuo bingwa wa tenisi Serena Williams, ambaye fedha na jina havimpungukii, alilazimika kusisitiza apigwe picha ya mapafu baada ya kujifungua kwa upasuaji, kwa kuwa aliijua historia yake ya damu kuganda; nesi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya akili. Picha ilipopigwa hatimaye, mabonge ya damu yalionekana mapafuni. Wahenga walisema machozi ya samaki huenda na maji, na kusema kweli sijapata kuiona methali hiyo ikitimia vizuri zaidi kuliko katika wodi ya wazazi.

Sasa nije kwa shemeji, mumeo, na ningependa usome sehemu hii naye akiwepo.

Shemeji, yapo uliyosema kweli. Hasira ya kila siku inamla mtu, na mhamiaji ana mengi ya kubeba. Lakini habari ya kwamba presha ni asili ya watu weusi hebu tuipime. Mwaka 1997 madaktari wawili, Richard David na James Collins, walichapisha utafiti wa uzito wa watoto waliozaliwa katika jimbo la Illinois. Waliwalinganisha watoto wa mama wa Kizungu waliozaliwa Marekani, wa mama weusi waliozaliwa Marekani, na wa mama weusi waliozaliwa Afrika, yaani watu kama mke wako. Kama tatizo lingekuwa damu ya Kiafrika, watoto wa mama waliotoka Afrika wangekuwa wadogo kuliko wote, kwa kuwa Wamarekani Weusi wengi wana mchanganyiko wa damu ya Ulaya. Ikawa kinyume. Watoto wa Kizungu walikuwa na wastani wa gramu 3,446, wa mama waliozaliwa Afrika gramu 3,333, na wa mama weusi waliozaliwa Marekani gramu 3,089. Mama kutoka Afrika walikaa karibu zaidi na Wazungu. Utafiti uliofuata mwaka 2002 ukawatazama mabinti wa wahamiaji hao weusi, wale waliozaliwa na kukulia Marekani, nao walipozaa, watoto wao walikuwa wepesi kuliko wao wenyewe walivyokuwa siku ya kuzaliwa. Kizazi kimoja kilitosha. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo; kinachobadilika ni nchi mtu anayoishi ndani yake na jinsi inavyomtendea.

Arline Geronimus, mtafiti wa afya ya jamii, alipendekeza maelezo ya jambo hili mwaka 1992. Alisema mwili wa mtu anayeishi miaka mingi chini ya dharau, wasiwasi na kujilinda huchakaa mapema. Nyinyi mliokulia Tanga mmeona mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari. Bati ni lilelile la dukani, limetoka kiwanda kimoja na la Korogwe, lakini chumvi ya upepo hulitoboa kabla ya wakati, na hakuna fundi atakayesema lilizaliwa na kutu. Kwa hiyo unaposema mambo haya ni ya Wamarekani Weusi, kumbuka kwamba binti yenu ni Mmarekani Mweusi. Hakuja kutafuta riziki, alizaliwa hapo. Polisi, mwalimu na nesi hawatamwuliza bibi yake anaishi Tanga au Alabama.

Na historia ya hospitali zilizotengwa kwa rangi si ngeni kwetu kiasi hicho. Dar es Salaam ya wakoloni ilikuwa na hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 palipo na upepo mzuri wa bahari kwa ajili ya Wazungu, huku Waafrika wakitibiwa katika hospitali iliyotokana na mchango wa tajiri Sewa Haji. Marekani nayo iliziendesha hospitali zake nyingi kwa mtindo huo hadi miaka ya 1960. Kilichozilazimisha kufungua milango, kuliko mahubiri yote, ni mpango wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, ulioanza kulipa mwaka 1966 kwa sharti kwamba hospitali inayobagua haipati fedha. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza shule. Madaktari waliofunzwa katika wodi zile ndio waliowafunza wanaofundisha leo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu nesi, mwanangu, ambalo kwangu ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza. Yule dada hakukuchukia. Yawezekana alikuonea fahari. Lakini ile sentensi ya “wanawake wa Kiafrika wana nguvu” ina ukoo, na ukoo wake si mzuri. Katika miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims, ambaye wengi walimwita baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, aliwapasua tena na tena wanawake watumwa bila dawa ya ganzi ili ajifunze kutibu fistula. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018 tu. Usifikiri dhana ya kwamba mweusi haumii sana ilizikwa pamoja naye. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanagenzi wa Kizungu kuhusu tofauti za miili ya weusi na weupe, na nusu yao waliafiki angalau dhana moja ya uongo, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Walioafiki zaidi ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kukosea katika matibabu.

Nesi wako aliikuta dhana hiyo kazini, akaivalisha kanga ya udugu na kukupa. Ubaguzi wa aina hii hauhitaji mtu mwenye chuki. Unahitaji fomu inayouliza kwanza habari za dawa za kulevya, idara yenye manesi wachache, presha iliyoandikwa bila kusomwa, na mazoea. Mweusi anaweza kuuendesha mtambo huo sawasawa na Mzungu. Nami nikiri upande wetu: katika wodi nilizofanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, tumewaambia wazazi wangapi kwamba mwanamke hapigi kelele, na mvumilivu hula mbivu? Tuliwafunza mabinti kuvumilia uchungu, tukasahau kuwafunza kwamba kichwa kinachouma pamoja na vimulimuli machoni si uchungu wa kuvumiliwa. Kwa hiyo ulipofika mbele ya yule dada, mlikuwa wanawake wawili mliofundishwa somo moja.

Kurudi Tanga sikushauri. Nasema hivyo nikiwa na heshima yote kwa mama yako na kwa kazi kubwa iliyofanyika nyumbani, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Lakini wewe una kovu la upasuaji na historia ya kifafa, na mgonjwa kama wewe anahitaji jicho lilelile limtazame tangu sasa hadi wiki kadhaa baada ya kujifungua. Safari ndefu ya ndege katika miezi ya mwisho, kisha kuanza faili jipya, ni kujiongezea hatari. Afadhali umlete mama kwako akipata viza, aje kukulea arobaini. Huko Marekani zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na uzazi, kwa faili zilezile za 2017 hadi 2019, vilitokea kuanzia siku ya saba baada ya kujifungua hadi mwaka kutimia, wakati ambao mzazi huwa nyumbani peke yake na miadi ya kliniki iko mbali. Desturi yetu ya kutomwacha mzazi peke yake siku arobaini ina maana kubwa hapo. Ila mama naye afundishwe, kwa sababu sisi wa zamani tumezoea kusema uso umevimba kwa uji na kulala.

Daktari mweusi, mtafute ukimpata. Ziko dalili kwamba inasaidia: katika jaribio lililofanyika Oakland, California, wanaume weusi waliopangiwa daktari mweusi walikubali vipimo vya kinga zaidi ya waliopangiwa daktari wa rangi nyingine. Lakini usisimamishe matibabu ukimsubiri. Madaktari weusi ni karibu asilimia 6 tu ya madaktari wa Marekani, na uchache huo nao ulitengenezwa, maana baada ya ripoti ya Flexner ya mwaka 1910, iliyokagua vyuo vya udaktari, vyuo vitano kati ya saba vya kufunza madaktari weusi vilifungwa, vikabaki Howard na Meharry. Kinachokufaa wewe ni daktari atakayejibu swali hili bila kukasirika: “Nikipiga simu siku ya tano usiku nikisema kichwa kinaniuma, nini kitafanyika, hatua kwa hatua?” Akikuambia usiwe na wasiwasi, tafuta mwingine. Akikuambia presha ya 160 kwa 110 ni dharura na kwamba dawa hutolewa ndani ya saa moja, umefika. Tafuta pia mwanamke aliyefunzwa kumsindikiza mjamzito na mzazi, ambaye huko humwita dula. Kazi yake haiko mbali na ya somo tunayemjua sisi, naye husema pale sauti yako inapokwisha.

Kuhusu namna ya kusema, wala huhitaji kupaza sauti. Hospitali husikia tarakimu na maandishi kuliko kilio. Andika haya kwenye karatasi, uiweke ndani ya mkoba, na nakala apewe shemeji: “Nimejifungua siku kadhaa zilizopita. Niliwahi kupata kifafa cha mimba. Presha yangu nyumbani ilikuwa hivi, saa hivi. Kichwa kinaniuma na naona vimulimuli. Naomba daktari wa uzazi anione sasa.” Wakikataa, sema kwa sauti ileile ya chini: “Naomba iandikwe katika faili langu kwamba niliomba kuonwa, nikakataliwa, na jina la aliyekataa.” Mara nyingi sentensi hiyo huwafanya wasimame. Isipofanya kazi, omba nesi msimamizi wa zamu, au mtetezi wa wagonjwa, ambaye hospitali nyingi za huko huwa naye. Sababu nyingine za kwenda bila kusubiri asubuhi ni kifua kuuma, kukosa pumzi, homa ya nyuzi 38, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mtoto kupunguza kucheza tumboni, au mawazo ya kujidhuru. Na kwa wasomaji wengine wa safu hii mlio huko na ambao Kiingereza hakijakaa sawa, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwapatia mkalimani bila malipo. Msikubali mtoto wenu wa miaka kumi atafsiri habari za damu ya mama yake.

Lile la miaka mitatu iliyopita pia lisiachwe. Muda wa kulalamika katika ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya huko ni siku 180, na umekupita. Bado una haki ya kupata kumbukumbu zako, na kwa kawaida hospitali inatakiwa kukupa ndani ya siku 30. Ziombe. Tafuta presha iliyoandikwa jioni ile mapokezi, uone ilikuwa ngapi. Kisha ipeleke hospitalini pamoja na barua fupi ya malalamiko, isiyo na matusi, yenye saa na tarakimu. California ilipunguza vifo vya uzazi kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2006 na 2013, na haikufanya hivyo kwa mitambo mipya. Wataalamu wake walikaa wakasoma faili za waliokufa, wakaona wapi damu haikupimwa na wapi presha haikutibiwa, wakaweka utaratibu na vifaa karibu na kitanda. Pengo la rangi halikufutika hata huko, lakini wapo waliopona. Faili la aliyenusurika nalo linafaa kusomwa, na wewe bado una mdomo wa kulieleza.

Shemeji, kazi yako ni ndogo. Panga safari zako za lori ili wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua uwe nyumbani, na nenda naye kliniki angalau mara moja kabla ya hapo, usikie kwa masikio yako anavyojibiwa.

Na wewe, mwanangu, hakikisha miadi ya kupimwa presha imeandikwa kabla hujatoka wodini: mara moja ndani ya siku tatu za kwanza, tena kati ya siku ya saba na ya kumi. Ukijifungua niandikie. Nitataka kujua uzito wa mtoto, na presha yako ya siku ya tano.

Bibi Mkunga